Kabla hujanunua pingili za eka tano, uliza kama kuna aliyesoma RNA yake

Vijana wenzangu wa kilimo, leo naacha mbolea na bei za soko pembeni. Nataka tuongee kuhusu pingili za mihogo, na nitasema jambo ambalo baadhi yenu mtaliona ni la maabara mno kwa blogu ya bwana shamba. Kwa maoni yangu, mkulima wa biashara wa Tanga anayenunua pingili za eka tano leo hii, bila shamba mama lake kupimwa RNA ya virusi, anacheza kamari. Na kwenye hiyo kamari mwenye karata nzuri ni kirusi.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wenu mnanisikiliza. Nafasi ya mita moja kwa mita moja inakupa mimea kama 4,000 kwa eka. Eka tano ni pingili 20,000. Umelipia pingili, umelipia usafiri, umelipia kutifua, umelipia palizi mbili au tatu, halafu umesubiri karibu mwaka mzima. Muhogo hauna mchicha wa wiki tatu wa kukurudishia hela katikati. Ukija kugundua kosa siku ya kuvuna, msimu umeshaondoka na mtaji wako.

Kijana mmoja upande wa Mkinga alinipigia simu shamba lake likiwa na miezi kumi na moja. Nilikuwa nimelipita miezi michache nyuma, na kusema kweli lilipendeza: majani mapana, hayajakunjamana, mashina yamesimama. Mnunuzi wa unga alikuja, akang'oa mashina ya majaribio, akakata viazi viwili vitatu kwa panga. Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Mnunuzi hakubishana, aliwasha gari. Pingili zile zilitoka kwa muuzaji wa mbali aliyeapa kwamba mbegu yake "haina batobato". Na alisema ukweli! Batobato haikuwepo. Kilichokuwepo ni michirizi ya kahawia.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Batobato ukiwa mita kumi unaiona: jani limekunjamana, lina mabaka ya njano, mmea umedumaa. Michirizi ya kahawia ni mnyamavu. Inaanzia majani ya chini, unjano unafuata mishipa ya jani bila kulikunja, na majani hayo ya chini ndiyo yanayodondoka yenyewe kila siku, kwa hiyo dalili inadondoka nayo. Shina linaweza kuonyesha michirizi, linaweza lisionyeshe. Kiazi ndicho kinachooza, na kiazi kiko chini ya udongo. Kwenye mbegu zisizostahimili, hasara imewahi kupimwa hadi asilimia 70.

Tofauti nyingine iko ndani kabisa. Virusi vya batobato vimebeba maelekezo yao kwenye DNA. Virusi vya michirizi ya kahawia vimebeba yao kwenye RNA. Usilipite hilo haraka, maana makala yote imesimama juu yake.

Na sisi watu wa Tanga ugonjwa huu unatuhusu kuliko mtu mwingine yeyote. Uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti aliyekuwa kituo cha Amani, hapo hapo juu Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Mimea aliyoitazama ilikuwa ya nyanda za chini za milima yetu. Kituo hicho hicho kikaanza kutafuta dawa kwa njia ya kuzalisha mbegu: R. F. W. Nichols, na baada yake D. L. Jennings, walichanganya muhogo wa kawaida na jamaa zake wa porini, ukiwemo ule mti wa mpira wa asili ya Brazil uliopandwa kwa wingi enzi za Wajerumani. Katika kazi hiyo ulitoka mmea wenye namba 46106/27. Wakulima wa pwani ya Kenya wanauita Kaleso, na kwetu unajulikana kama Namikonga. Mpaka leo watafiti wa Afrika Mashariki wakitaka chanzo cha ustahimilivu dhidi ya michirizi ya kahawia, wanarudi kwenye mmea huo. Mtoto wa Amani huyo.

Lakini angalia miaka. Ugonjwa uliandikwa 1936. Kirusi chenyewe kilitambuliwa kwa uhakika mwaka 2001. Ni miaka 65 ya kumjua mwizi kwa nyayo zake tu. RNA yake ilisomwa yote, kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, mwaka 2009, katika kazi iliyoongozwa na Mtanzania, Deusdedith Mbanzibwa. Mwaka uliofuata ikakubalika kwamba virusi ni aina mbili. Wataalamu wanaviita CBSV na UCBSV. Hiyo U ya mbele ni ya Uganda. Ukilinganisha herufi za hizi aina mbili, karibu herufi tatu katika kila kumi hazifanani. Zote mbili zimekutwa pwani na bara, na mmea mmoja unaweza kubeba zote kwa pamoja.

Sasa, RNA ni nini hasa? Chukua unyuzi mmoja wa katani, ule mrefu, uliotoka kwenye korona ukakauka juani. Ushike pande mbili, usokote kidogo, halafu uachie. Haubaki umenyooka. Unajirudia, unajikunja, unajifunga mafundo yenyewe kwa yenyewe. RNA iko hivyo. Ni uzi mmoja wenye herufi nne, A, U, G na C, na wa kirusi hiki una herufi kama 9,000. A anapenda kushikana na U, G anapenda kushikana na C, na mara nyingine G na U wanashikana kwa ulegevu. Kwa hiyo uzi unajikunja popote herufi zinapopatana. Sehemu nyingine zinafungana kabisa, nyingine zinabaki wazi kama vitanzi.

Mikunjo hiyo ina kazi. Kirusi kinaitumia kujilinda dhidi ya mmea, kuongoza mashine za seli zinazotengeneza protini, na kupanga kazi ya kujizalisha. Ndiyo maana kuna watu duniani ambao kazi yao ya kila siku ni kukaa kwenye kompyuta na kuhesabu uzi wa RNA utajikunjaje. Si mchezo. Idadi ya mikunjo inayowezekana kwa uzi wa herufi 9,000 ni kubwa kiasi kwamba huwezi kuijaribu mmoja mmoja hata ukipewa kompyuta zote za dunia. Mwaka 1981 Michael Zuker na Patrick Stiegler walichapisha njia ya ujanja: kata uzi vipande vidogo, tafuta mkunjo uliotulia zaidi kwa kila kipande, hifadhi jibu, kisha yatumie majibu hayo kujenga kipande kikubwa zaidi, bila kurudia hesabu uliyokwisha kuifanya. Programu nyingi za leo bado zinatembea juu ya wazo hilo. Siku hizi wanaongeza na ushahidi wa maabara: wanaweka kemikali inayoshika herufi zilizo wazi na kuziacha zilizofungana, wanasoma uzi, halafu kompyuta inaunganisha hesabu na ushahidi. Kirusi cha UVIKO-19 kilichorwa ramani ya mikunjo kwa namna hii ndani ya mwaka 2020, na maabara kadhaa kwa wakati mmoja. Ningependa siku moja muhogo, unaolisha watu wengi kiasi hiki, ukimbiliwe vile vile.

Najua mmoja wenu anajiuliza: bwana shamba, mimi nauza makopa Handeni, mikunjo ya RNA inanihusu nini?

Inakuhusu kwenye kipimo. Maabara haimwoni kirusi kwa macho. Inatumia kipande kifupi cha vinasaba kilichotengenezwa kiwandani, ambacho kazi yake ni kwenda kushika sehemu fulani ya RNA ya kirusi. Kikishika, kipimo kinawaka, unaambiwa kirusi kipo. Kisiposhika, unaambiwa mmea ni safi. Sasa fikiria kirusi kimebadilisha herufi mbili tatu mahali pale pale, au sehemu iliyochaguliwa imejikunja na kufungana kiasi kwamba kipande hakipati pa kuingilia. Kirusi kipo, kipimo kinasema hakipo, na wewe unapakia fuso pingili 20,000 ukiwa na karatasi mkononi. Kwa hiyo anayetengeneza kipimo lazima atafute sehemu ambayo haibadiliki baina ya virusi vya mashamba mengi, na ambayo iko wazi. Sehemu hiyo haijulikani kwa kubahatisha. Inapatikana kwa kulinganisha herufi za virusi vingi kwenye kompyuta.

Kazi hiyo imefanyika, na imefanyika na watu wetu. Mwaka 2015 Joseph Ndunguru, wakati huo akiwa kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam, na wenzake akiwemo Laura Boykin wa Chuo Kikuu cha Western Australia, walichapisha mifuatano kamili 12 mipya ya virusi hivi viwili. Ili kuchora ukoo wa virusi hivyo, nani ni ndugu wa nani, walitumia supakompyuta. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Titus Alicai wa Uganda, wakiwemo baadhi ya hao hao, ikaonyesha kwamba RNA ya CBSV inabadilika kwa kasi kuliko ya UCBSV, na wakaonya kwamba hilo linagusa vipimo pamoja na mbegu zinazostahimili. Kwa Kiswahili cha shambani: kipimo kilichokamata kila kitu miaka kadhaa nyuma kinaweza kuanza kuvuja kama hakuna anayekisahihisha.

Na hakisahihishwi hewani. Kompyuta inakula majani. Usipopeleka majani ya Pangani, Mkinga na Handeni, hesabu itafanywa kwa majani ya mahali pengine, na kirusi cha shamba lako hakitakuwemo. Hili ndilo linaloniudhi ninaposikia watu wakisema utafiti ni mambo ya wazungu. Ugonjwa uliandikwa kwa mimea ya kwetu, mbegu ya ukombozi ikazalishwa Amani, halafu leo kijana wa Muheza anaona tabu kufunga majani kumi kwenye gazeti.

Kuna hoja mbili ninazozisikia kila mara. Ya kwanza: "Mimi nina Nuru kwenye simu." Programu ya Nuru naipenda, inafanya kazi bila intaneti, inaongea Kiswahili, na picha nyingi za kuifundisha mwanzoni zilipigwa kwenye mashamba ya pwani yetu. Itumie. Lakini Nuru inaangalia jani. Inaona kile ambacho jicho lililofundishwa linaona, tena jani likiwa na dalili. Mmea ulioambukizwa ambao bado haujaonyesha chochote, simu haina la kusema. Ukaguzi wa shamba wa kupata daraja la kuazimiwa ubora nao, kwa sehemu kubwa, ni wa macho. Ni hatua nzuri na ya lazima, na muuzaji asiyekaguliwa mimi simfikirii hata kidogo. Ila kwa ugonjwa huu macho hayatoshi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: "Kiroba inastahimili." Ndiyo, Kiroba inastahimili, na zipo nyingine zilizotolewa kwa ajili ya pwani, kama Kipusa, Chereko, Kizimbani na Mkuranga 1. Lakini kustahimili na kuwa safi ni vitu viwili tofauti. Mmea unaostahimili unaweza kuishi na kirusi, ukazaa, na majani yakabaki mazuri. Huo ndio mtego wenyewe. Unakata pingili zake, unamuuzia jirani, jirani anapanda karibu na mbegu yake ya kienyeji isiyostahimili, inzi weupe wanafanya kazi yao, na mwaka unaofuata jirani analia huku wewe ukimwambia "mbona mimi navuna?" Inzi weupe hawakibebi kirusi hiki muda mrefu wala mbali sana; uambukizo wao ni wa shamba hadi shamba. Safari ndefu kirusi kinasafirishwa na sisi, kwa pikipiki na fuso. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba huu ni ugonjwa wa pwani usiopanda juu ya mita 1,000. Kuanzia 2004 ulionekana Uganda kwenye miinuko hiyo, kisha ukaenea kanda ya maziwa. Sasa wewe unayetaka kujenga jina kama muuzaji wa mbegu, jiulize unapakia nini.

Kuna vijana pia wananiambia wanasubiri mbegu ya maabara isiyougua kabisa. Nayo inahusu mikunjo ya RNA, kwa hiyo niiguse. Mmea una ulinzi wa asili: ukikutana na RNA iliyojikunja na kuwa nyuzi mbili zilizofungana, unaikatakata vipande vya herufi 21 hadi 24, kisha unavitumia vipande hivyo kuwinda RNA yoyote inayofanana navyo. Watafiti wa Uganda, Kenya na kituo cha Donald Danforth cha Marekani waliuwekea muhogo kipande cha vinasaba kinachotoa RNA inayojikunja kama pini ya nywele, yenye herufi za virusi vyote viwili, ili mmea uanze kuwinda kabla adui hajafika. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo huo kutoka kwenye majaribio yaliyozungushiwa uzio. Hapa kwetu, mwaka huo huo serikali ilisitisha majaribio ya mbegu za GMO. Mimi ni mtumishi wa ugani, sera si yangu kuipanga. Ninachosema ni kwamba huwezi kuweka mpango wa biashara wa msimu ujao juu ya pingili ambazo huruhusiwi kuzipanda.

Wakati huo kipimo kipo. Mwaka 2018 timu ya akina Boykin, Ndunguru na Alicai ilizunguka Tanzania, Uganda na Kenya na kifaa cha kusoma vinasaba kinachoenea kiganjani, ikawapa wakulima majibu siku hiyo hiyo, hapo hapo shambani. Walichosoma pale ni DNA, kwa hiyo virusi vya batobato ndivyo vilivyonaswa. RNA ni ngumu zaidi kuishughulikia chini ya mwembe. Lakini tulijifunza kwamba umbali kati ya shamba na kompyuta unaweza kufupishwa. Kwa RNA, maabara bado ndiyo njia, na TARI Mikocheni wamekaa na virusi vya mihogo kwa miaka mingi.

Ninachotaka kwenu ni hiki. Kipimo cha shamba mama kiingie kwenye bajeti kama mbolea inavyoingia. Mtu mmoja mwenye eka moja ataona ghali. Kikundi cha watu kumi wanaonunua kwa muuzaji mmoja hawataona ghali, kwa sababu shamba linalopimwa ni moja tu, la muuzaji. Mwambieni kabla ya kutoa hela: tunataka cheti cha ukaguzi wa TOSCI, na tunataka majibu ya maabara ya msimu huu, ya aina zote mbili, CBSV na UCBSV. Akikuletea majibu ya aina moja, hajamaliza. Akikasirika, umeokoa pesa. Na kwa wenzangu wa halmashauri: tunagawa pingili za bure kila mwaka, na tunapigwa picha tukizigawa. Kabla ya picha, tuzipime. Mradi unaogawa pingili zisizopimwa unaeneza ugonjwa kwa fedha ya umma, na mkulima hawezi hata kudai arudishiwe.

Kuhusu kuchukua sampuli, sikilizeni vizuri maana RNA inaharibika upesi kuliko DNA. Jani likianza kuoza, uzi umeshakatika vipande na maabara itakuambia "hakuna kitu" kwa sababu ya uzembe wako. Chukua asubuhi, jua halijakuwa kali. Kirusi hakijasambaa sawasawa ndani ya mmea, kwa hiyo usichume jani moja la juu kwa sababu linapendeza. Chukua majani yaliyokomaa, ya chini, yakiwa bado mabichi, zaidi ya moja kwa kila mmea, na utembee shamba zima kwa mshazari badala ya kusimama karibu na njia. Kila mmea na bahasha yake, yenye tarehe, kijiji na jina la mbegu. Yalaze majani katikati ya karatasi za gazeti kavu, yabane, badilisha gazeti likipata unyevu. Mfuko wa nailoni uliofungwa na kuachwa kwenye buti la gari kuanzia Mkinga mpaka Dar ni kupoteza nauli. Piga simu maabara kwanza, uliza wanapokea siku gani, wanataka majani mangapi na gharama ni kiasi gani kwa sampuli, halafu ndiyo uchume.

Kwa wanaolenga kupanda vuli, muda wa kumtembelea muuzaji ni sasa, shamba mama likiwa bado na majani ya chini. Ukisubiri mpaka amekata na kufunga mafungu, utakuta mashina matupu barabarani, na hapo hakuna jani la kupeleka popote.